Tabaka la soketi lisilojua kusema "sijui" litakukosanisha na majirani

Leo sina kamera. Nimeamua kuandika kwa sababu hii stori nikiiweka kwa video ya sekunde 60 mtasikia tu nikisema C, C, C, halafu mtapita mkaangalie mtu akipika chapo.

Msimamo wangu ni huu, na niko tayari kutukanwa: watu wengi wanaoandika tabaka la soketi kwa lugha ya C wanaliandika kama watu ambao stima haijawahi kuwapotea. Wanaficha mtandao mbovu vizuri sana mpaka programu ya juu inaamini mtandao ni mzuri. Halafu mtu mwingine kabisa, ambaye hajui hata C ni nini, ndiye analipa.

Kwa wale hawako kwa hii mambo: soketi ni mlango ambao programu yako inatumia kuongea na programu nyingine kupitia mtandao. Gemu, apu ya benki, WhatsApp, ukizichimba mpaka chini utapata soketi. Tabaka ni msimbo unaoweka juu ya huo mlango ili usiwe unashika bawaba na misumari kila siku. (Nasema msimbo. Nikisema kodi hapa Fedha mtu anaangalia tarehe na kumfikiria landilodi.)

Kazi ya kwanza ya tabaka ni rahisi kueleza na inachosha kuifanya: kufanya Linux na Windows zionekane kitu kimoja. Soketi tunazotumia zilitoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ndani ya Unix yao ya 4.2BSD, mwaka 1983. Windows ilikuja kuzichukua kama miaka kumi baadaye kwa jina la Winsock, na ikabadilisha vitu vidogo vidogo vya kukukera. Kwa Linux soketi ni namba ya kawaida, int, na ikikataa unapata -1. Kwa Windows ni aina inayoitwa SOCKET, ambayo haina hasi kabisa. Sasa ukiandika `if (s < 0)` kule, hilo swali halitawahi kuwa kweli hata siku moja. Mlango umekataa kufunguka na programu yako inatembea kuelekea ukutani ikijiamini. Nililala saa kumi alfajiri kwa sababu ya hiyo alama moja.

Zingine ni za kukariri tu. Linux unafunga na `close()`, Windows ni `closesocket()`. Linux kosa liko kwa `errno`, Windows unaliuliza kwa `WSAGetLastError()`. Na Windows haikupi soketi hata moja kabla hujaita `WSAStartup()`, kama ule askari wa geti anayetaka uandike jina kwa kitabu na anakujua tangu uko darasa la tatu.

Hapo kuficha kunasaidia, sikatai. Mimi kwa faili langu la heda nimeweka jina tu la strakti. Matumbo yake yako kwa faili la.c. Anayetumia hajui kama ndani kuna int au SOCKET, na hana haja ya kujua. Fankisheni ni chache: `mlango_fungua`, `mlango_tuma`, `mlango_pokea`, `mlango_funga`. Ndiyo, nimeyapa majina ya Kiswahili. C haijali.

Shida inaanza pale unapozoea kuficha, ukaendelea.

Chukua `send()`. Ikikurudishia 120, wengi tunasoma hivi: baiti 120 zimefika. Hapana. Inamaanisha kerneli ya kompyuta yako imezichukua na kuziweka kwa bafa yake. Basi. Ni kama kumpa makanga kifurushi pale steji: amekishika, ameweka chini ya kiti, lakini tao hakijafika. Na inaweza kukurudishia 70 ukiwa umempa 120, maana bafa imejaa, na hizo 50 zilizobaki ni shida yako. Usipozungusha kitanzi hapo, ujumbe unafika nusu.

Ruta ikizima katikati, Linux haikuambii kitu. Inajaribu tena na tena kimyakimya, na kwa mipangilio yake ya kawaida inaweza kuchukua dakika 15 hivi ndiyo ikubali kwamba kumeharibika. Kama wewe hutumi kitu, umekaa tu ukingoja kusikia upande ule, unaweza kukaa milele. Kuna kitu kinaitwa keepalive cha kupiga hodi kama mwenzako bado yuko, lakini lazima ukiwashe mwenyewe, na hata ukikiwasha kwa kawaida kinangoja saa 2 kabla ya hodi ya kwanza. Saa 2! Hapa kwetu stima inaweza kupotea, irudi, ipotee tena, watu wapige kelele mara mbili, na soketi yako bado inaamini mambo ni sawa.

Halafu kuna SIGPIPE, hii ilinifanya niamini uchawi. Kwa Linux, ukiandika kwa muunganisho ambao upande wa pili umeshafungwa, mfumo unaua programu yako. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kwaheri. Tiba ni neno moja, `MSG_NOSIGNAL`, ukilipitisha kwa `send()`. Mac wana yao, `SO_NOSIGPIPE`. Windows haina hiyo tabia. Tabaka lako lisipoliweka hilo mwanzoni, siku moja utaambiwa "ile kitu yako imelala" na huna hata mstari mmoja wa kuonyesha ilikufa vipi.

Niliambiwa hivyo na shangazi yangu.

Shangazi ana duka chini ya ploti yetu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, na nilihitaji kuonyesha angalau mtu mmoja kwa familia kwamba sikuacha ili nilale. Nikamwambia, shangazi, hilo daftari la madeni nitakuwekea kwa kompyuta. Laptopu moja mzee ya Linux ikae kaunta, nyingine ya Windows ikae juu kwa nyumba ikiweka rekodi zote, waifai ya nyumba iwe katikati. Mtu akikopa, anaandika hapo chini, inapanda juu. Nikalipiga video, likapata watu wengi kuliko video zangu zote za mwaka huo.

Toleo la kwanza lilipoteza madeni. Nilikuwa naita `send()`, ikisema sawa, nafuta rekodi kwa kaunta. Stima ikipotea sekunde hiyo, laptopu mbili zote zina betri, ziko macho, lakini ruta imekufa, na deni limebaki kwa bafa ya kerneli. Muunganisho ukivunjika linatupwa. Shangazi aligundua kwa sababu anakumbuka wateja wake kwa kichwa kuliko programu yangu.

Nikarekebisha kama vile kila mtu hurekebisha: laptopu ya juu irudishe jibu, na jibu lisipofika kwa sekunde 5, kaunta ijiunge upya na kutuma tena. Nilijiona mjanja. Wale mnajua mnacheka tayari.

Jirani mmoja, fundi wa mjengo, alichukua unga, mafuta na sukari, shilingi 340. Rekodi ikapanda, laptopu ya juu ikaiandika, ikatuma jibu, na jibu likakutana na ruta ikizima. Kaunta haikusikia kitu. Stima iliporudi ikatuma tena. Mwisho wa wiki deni lake likasoma 680.

"Mama, hii nilichukua mara moja," alisema. "Unga, mafuta, sukari. Mara moja."

"Kompyuta haina chuki na wewe, baba," shangazi akamjibu, mbele ya watu. "Imeandika mara mbili."

Akalipa 680. Alizihesabu polepole akaziweka juu ya kaunta, hakuchukua hata peremende ya chenji, akaenda. Mimi nilikuwa nimesimama hapo kando ya friji.

Nilifungua rekodi usiku huo. Mbili, bidhaa zilezile, zilipandishwa dakika chache kati yao, na saa ya kukopa iliyoandikwa kaunta ni ileile hadi sekunde. Nilikaa siku mbili bila kusema. Sijui niseme nini kuhusu hizo siku mbili. Nilikuwa napost vile msimbo wangu ni safi. Siku ya tatu nikamwambia shangazi. Hakunigombeza. Alitoa 340 akaniambia nipande orofa ya nne nizirudishe mimi mwenyewe na mdomo wangu.

Yule fundi alizihesabu, akaweka mfukoni, akaniuliza hiyo kompyuta imekosea watu wengine wangapi.

Sikuwa na jibu. Na tabaka langu nalo halikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimelipa maneno mawili tu ya kusema: imeenda, imekataa. Lile jambo lililotokea halikuwa lolote kati ya hayo mawili. Ujumbe ukishatoka na jibu lisirudi, jibu la kweli ni "sijui". Labda haukufika. Labda ulifika na jibu ndilo lilipotea. Ukiwa upande huu huwezi kutofautisha, hata uwe na akili kiasi gani. Nikiwa nimesoma "sijui" kama "imekataa", nikatuma tena, nikamwibia mtu 340.

Kitu kinaniuma ni kwamba kila Mkenya anajua hii kanuni. M-Pesa iko tangu 2007. Umetuma pesa, simu imenyamaza, meseji haijaja. Unatuma tena? Hutumi. Unaangalia salio kwanza. Na muuzaji je? Unamwonyesha meseji yako, "mathe, imeingia," na yeye anashika nyanya mpaka aone meseji kwa simu YAKE. Kila muamala una nambari yake, na mkibishana mnalinganisha nambari. Mwaka 1984 watafiti watatu, Saltzer, Reed na Clark, walichapisha makala maarufu kuhusu hilo wazo: uhakika wa kweli unapatikana kwenye ncha mbili za mazungumzo, vitu vya katikati vinaweza tu kusaidia. Nilipoisoma nilimfikiria mathe wa nyanya pale kwa kona.

Kwa hivyo toleo la tatu niliandika hivi. Kila deni linapata nambari kabla halijagusa mtandao: jina la mashine na hesabu inayopanda, na vyote vinaandikwa kwa diski kwanza, ili laptopu ikizima ghafla isianze tena kutoka 1. Laptopu ya juu inaweka nambari zote ilizopokea. Ikiona nambari ambayo tayari inayo haiandiki tena, lakini bado inajibu "ninayo". Hilo la kujibu ni muhimu. Mara ya kwanza nilisahau, kaunta ikawa inatuma deni lilelile usiku kucha. Na kwa sababu TCP inakupa mkondo wa baiti, haijui ujumbe wako unaanzia wapi wala kuishia wapi, kila rekodi inatanguliwa na baiti 4 za kusema urefu wake.

Majibu ya tabaka nayo nikabadilisha majina. Zamani nilikuwa na `IMETUMWA`. Hilo jina ni uongo, nikalitoa. Sasa kuna `IMECHUKULIWA`, yaani kerneli imeshika; `IMETHIBITISHWA`, upande wa pili umesema ninayo; `IMEKATALIWA`, haikutoka kabisa; na `SIJUI`. Muunganisho ukivunjika, kila kilichochukuliwa bila kuthibitishwa kinageuka `SIJUI`, na programu ya juu lazima iamue. Kutuma tena sasa si hatari, maana nambari ipo. Lakini hairuhusiwi kujifanya haikuona.

Jamaa mmoja ninayemheshimu sana kwa hii kazi aliniambia nimechanganya mambo. Tabaka la soketi kazi yake ni baiti, alisema. Uthibitisho na nambari ni mambo ya juu, ukiyaweka chini umemlazimisha kila mtu atumie itifaki yako. Nusu ya hapo ana haki, na nimegawanya: chini kuna `mlango`, mwembamba, Linux na Windows tu, juu yake kuna lingine la ujumbe. Atakayetaka kuangalia video kupitia `mlango` hahitaji nambari zangu, picha ikipotea moja hakuna anayekosana na jirani. Ile nusu nyingine namkatalia. Hata tabaka jembamba linaongea kupitia majina na majibu yake. Ukiita jibu "imetumwa", anayekuja juu yako ataamini imetumwa, na kosa lake limeanza kwako.

Mwingine akaniuliza mbona nisitumie libuv, ile iliyoandikiwa Node.js. Tumieni! Kama ni kazi ya kulipwa, mimi sitabisha, imepigwa na watu wengi kuliko mimi. Lakini libuv ikikuita kusema kuandika kumeisha, bado ni ile maana ya kerneli imechukua. Utahitaji "sijui" yako mwenyewe. Na ukishuka kwa vifaa vidogo kama ESP32, chenye KB 520 tu za kumbukumbu, unapata soketi zinazofanana na za Berkeley kupitia lwIP, tabaka dogo lililoanzishwa na Msweden anaitwa Adam Dunkels. Mtandao ni uleule. Ruta ni ileile.

Na msiniambie hii ni shida ya Eastlands, kwamba wenzetu wa Kilimani wako sawa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikakaa inazungusha duara kwa skrini. Huko Marekani mwaka 1994, L. Peter Deutsch wa Sun Microsystems aliandika orodha ya uongo ambao waprogramu hujidanganya nao, na wa kwanza kabisa ni kwamba mtandao unategemeka. Tofauti ni kwamba kule unaweza kuishi na huo uongo kwa miaka kabla ukuume. Hapa unauma kabla ya chai ya saa nne.

Ndiyo maana mimi naona sisi ndio tunafaa kuandika haya matabaka. Imeshafanyika kwa vyuma: mwaka 2013 watu waliotoka Ushahidi, hapahapa Nairobi, walichangisha pesa Kickstarter kutengeneza BRCK, kisanduku cha intaneti chenye betri ya kama saa 8, kinachohama chenyewe kutoka waya hadi waifai hadi mtandao wa simu. Hao walianza na swali la stima ikipotea itakuwaje. Kwa msimbo bado tunanakili mifano ya mtu ambaye jaribio lake lote ni kompyuta moja ikijiongelesha yenyewe kupitia 127.0.0.1. Hiyo anwani haijawahi kukatika tangu dunia iumbwe.

Mimi najaribu kwa kuchomoa. Ekstensheni ya ruta iko chini ya meza, naikanyaga swichi katikati ya kutuma, nahesabu mpaka kumi, nawasha. Mara hamsini, nikilinganisha daftari la chini na la juu. Binamu zangu wanaokuja kuangalia Netflix wananichukia.

Kwa skrini ya kaunta sasa deni likithibitishwa linakuwa kijani, likiwa `SIJUI` linakuwa njano. Shangazi aliiangalia hiyo njano akaniuliza maana yake. Nikamwambia haijulikani kama imefika juu.

"Basi andika hivyo," akasema.

Nimeandika hivyo, kwa herufi kubwa. Daftari la karatasi bado liko chini ya kaunta na analiandika kila siku, na mimi nimeacha kumwambia aache. Yule fundi hununua unga duka la ng'ambo.